Maswali na Majibu: Kubuni Mtindo wa Lesi ya Mafundo

Maswali ya safari hii yametoka Kigoma na Tabora, na yote yanahusu kubuni mitindo mipya ya lesi ya mafundo, ile inayofungwa vidoleni kwa shato, kichombo cha kushikia uzi chenye umbo la mtumbwi mdogo.

Shikamoo mwalimu. Nimebuni kitambaa cha duara chenye petali 8. Mizunguko miwili ya kwanza imelala vizuri, lakini wa tatu umejikunja juu kama bakuli. Je, ninakaza mno au mtindo ndio mbovu? (Msomaji, Ujiji)

Marahaba. Usikate uzi kwanza. Kitandaze kitambaa mezani utazame kinaanza kuinukia wapi. Kingeinuka tangu katikati ningeushuku mkono wako, lakini kwa kuwa mizunguko miwili imetulia, kasoro imo katika hesabu ya mzunguko wa tatu: pinde zake, yaani mistari ya mafundo iliyopinda inayounganisha pete (viduara vya mafundo), ni fupi kuliko njia zinayotakiwa kuizunguka. Kingekuwa kimefanya mawimbi ukingoni, tungejua kwamba pinde zimezidi urefu. Kwa hiyo kitambaa kilichoharibika kinakuambia upande wa kosa, na ni hasara kubwa kukifumua au kukitupa kabla ya kukisoma.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kila upana kutoka katikati hadi ukingoni unapoongezeka kwa sentimita 1, mzingo huongezeka kwa takriban sentimita 6.3, kitambaa kiwe kidogo au kikubwa. Tuseme mzunguko wako wa tatu umepanua kazi kwa sentimita 1.5, mzingo unahitaji nyongeza ya sentimita 9.4 hivi, ambayo ukiigawa kwa petali 8 ni kama sentimita 1.2 kwa kila petali. Pima sasa mkono wako: funga upinde mmoja, ulaze kando ya rula, uhesabu mafundo yaliyoingia katika sentimita moja. Yakiwa 8, upinde wa mzunguko wa tatu utahitaji mafundo 9 au 10 zaidi ya ule wa mzunguko wa pili. Hapo ni pa kuanzia tu, kwa sababu upinde hupinda, na kadiri unavyopinda ndivyo unavyohitaji urefu zaidi kufika kule kule.

Ili usifunge mzunguko mzima kwa kubahatisha, kata duara la karatasi, likunje katikati mara tatu, kisha ulikunjue. Utaona sehemu 8 zilizo sawa, kila moja ikiwa ni nafasi ya petali moja. Funga petali mbili tu za mzunguko mpya, uzilaze juu ya sehemu mbili za karatasi, na uangalie kama kingo zinafika kwenye mistari. Zisipofika, ongeza mafundo mawili kwa kila upinde ujaribu tena, zikipita, punguza. Wapo wanaolowesha kitambaa kilichojikunja, wakakibana kwa pini na kukipaka wanga wa muhogo ili kilale kwa nguvu. Mimi siafiki. Wanga na pini ni vya kunyoosha kazi iliyo sahihi. Vikitumika kuficha hesabu mbovu, mteja ataigundua siku atakapokifua.

Nikishafunga pete na kugundua kwamba nimekosea idadi, ni lazima nikate? (Msomaji, Urambo)

Si lazima, ila unahitaji subira na mwanga wa kutosha. Tafuta kitanzi, yaani uzi mfupi ulioachwa umejitokeza kati ya mafundo mawili, kilicho karibu na mwisho wa pete, uyatenganishe taratibu mafundo mawili yaliyo pembeni mwake mpaka uuone uzi wa ndani unaopita katikati yao. Uchokonoe kwa ncha ya sindano butu, uuvute kidogo kidogo hadi pete ifunguke, kisha ulegeze nusu fundo moja baada ya nyingine, maana kila fundo lina nusu mbili. Pete isiyo na kitanzi hata kimoja ni shida kubwa kuifungua, na ndiyo maana katika kazi ya majaribio mimi huacha kitanzi kidogo katika kila pete, hata pale ambapo mtindo wa mwisho hautakihitaji.

Nataka kuzungushia lesi kitambaa cha mraba cha altare. Pande zinatulia, lakini kila kona inavutika. (Msomaji, Kasulu)

Penye kona, ukingo wa nje husafiri njia ndefu kuliko ukingo wa ndani, na mtindo wa upande hauna urefu huo. Buni kona peke yake. Njia ninayoipenda ni kuweka pete tatu zinazoanzia mahali pamoja, ya kati ikielekea nje kabisa, kwa sababu zinaijaza nafasi bila kulazimisha upinde mmoja mrefu unaolegea. Funga kona moja pamoja na pete mbili tatu za kila upande, uishikize kwa pini juu ya kitambaa, na usiendelee mpaka itulie yenyewe. Kitambaa kifuliwe kabla ya kupimwa, maana pamba hurudi, na lesi iliyopimwa kwa kitambaa kipya itakuja kuzidi.

Uzi upi unafaa kwa majaribio? (Msomaji, Nzega)

Pamba namba 10 au 20, ya rangi nyeupe au nyingine iliyopauka, kwa kuwa mafundo huonekana wazi. Namba ikipanda, uzi huwa mwembamba zaidi. Ukihamia namba 40, punguza pia urefu wa vitanzi, la sivyo vitapwaya na maungio yatalegea.

Niandikeje mtindo wangu ili mdogo wangu aliyeko Kigoma aufuate bila mimi kuwapo? (Msomaji, Isevya, Tabora)

Andika idadi ya mafundo, na mahali pa kitanzi uweke kistari. Pete ya 5–5–5–5 ina mafundo 20 na vitanzi 3. Taja ni pete au upinde, namba ya uzi, na kitanzi kinachoungana na kipi, na uchore picha yenye namba za mizunguko. Urefu wa vitanzi usiuache kwa kukisia: kata ukanda wa boksi wenye upana wa kitanzi unachokitaka, uuzungushie uzi kila unapokifunga, kisha umtumie mdogo wako ukanda mwingine wa upana huo huo ndani ya bahasha ya mtindo. Kabla ya kuituma, mpe jirani anayejua kufunga lakini hajawahi kuiona kazi yako, afuate maandishi yako huku wewe ukinyamaza. Kila atakapouliza swali, hapo ndipo pa kuongeza sentensi.