Sitapu 200 kwa siku na kitambi hakijatikisika: nifanye nini nyumbani?

SWALI: Kocha, habari za kazi. Nina miaka 34, urefu sentimita 171, uzito kilo 82, na kiuno kimefika sentimita 97. Mikono na kifua ni vyembamba, ila kitambi kinatangulia mbele. Jimu siwezi kwenda kwa sababu ya muda, kwa hiyo nafanyia mazoezi chumbani. Ni miezi miwili sasa kila asubuhi napiga sitapu 200 nikiwa nimejifunga nailoni tumboni, halafu pushapu 40. Tumbo liko palepale, misuli siioni. Nianze kukata kitambi kwanza ndipo nijenge misuli, au vinaweza kwenda pamoja? Na bila vyuma misuli inajengeka kweli?

JIBU: Ndugu yangu, pole, na hongera vilevile. Mtu anayeamka kila asubuhi kwa miezi miwili kupiga sitapu 200 nidhamu anayo. Alichokosa ni mtu wa kumwambia aipeleke wapi.

Nianze na habari njema: vinakwenda pamoja. Anayelazimika kutenga kipindi cha kujenga na kipindi cha kukata ni yule aliyenyanyua vyuma miaka mingi, ambaye misuli yake imekaribia kikomo. Wewe una misuli ambayo haijawahi kupewa kazi nzito, na una akiba ya mafuta kiunoni ambayo mwili unaweza kuichoma huku protini unayokula ikienda kwenye ujenzi. Kipindi hiki cha uanzoni kina thamani kubwa, usikipoteze kwa sitapu.

Mafuta ya tumboni yamehifadhiwa ndani ya seli zake, na hayatoki humo kwa kukunjwa wala kusuguliwa. Mwili ukipungukiwa nishati, homoni hufikisha amri kwenye seli za mafuta za mwili mzima. Mafuta yanavunjwa, yanaingia kwenye damu, na damu inayapeleka panapohitajika, iwe moyoni, miguuni au kwenye ini. Msuli wa tumbo hauna mrija wa kunyonya mafuta yaliyolala juu yake. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani waliwapima wacheza tenisi, watu ambao mkono mmoja umefanya kazi kuliko mwenzake kwa miaka. Mkono wa raketi ulikuwa mnene zaidi kwa misuli, lakini unene wa mafuta chini ya ngozi haukutofautiana kati ya mkono na mkono. Baadaye watu wakawekwa kwenye mazoezi ya tumbo peke yake kwa wiki 6. Misuli ya tumbo ikawa na ustahimilivu zaidi, mafuta yakabaki yalivyo. Hicho ndicho kilichokutokea wewe.

Nailoni ivue leo. Jasho ni maji ya kupoza mwili, ukinywa glasi mbili tatu uzito umerudi. Mafuta yanayochomwa yana mlango mwingine kabisa: kwa hesabu iliyochapishwa mwaka 2014, katika kila kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi kama kaboni dioksidi, na kilo 1.6 tu ndizo hugeuka maji. Kujifunga nailoni kunakuzuia kupoa, basi.

Sasa vyuma. Kinachokuza msuli ni nyuzi zake kulazimishwa kuvuta kwa nguvu zilizobaki, zikiwa zimekaribia kushindwa. Majaribio mengi yamelinganisha uzito mkubwa na mdogo, na ukuaji wa misuli ukatoka karibu sawa kwa sharti moja: kila seti, yaani mkupuo mmoja wa marudio bila kupumzika, ifike kwenye kushindwa au karibu na hapo; wewe ishia ukiwa umebakiza marudio mawili au matatu tu. Seti ya marudio 8 inajenga, ya 25 inajenga pia. Seti unayoimaliza huku ukiwaza mambo ya kazini haijengi kitu.

Hapo ndipo nataka tuzitazame pushapu zako 40. Niliwahi kumfundisha kijana aliyekuja na idadi hiyohiyo. Nikaweka ngumi yangu sakafuni chini ya kifua chake, nikamwambia kila pushapu kifua kiguse ngumi: ashuke kwa kuhesabu tatu, atulie kidogo, ndipo apande. Alifika 9. Kwenye ya 10 viwiko vilianza kutetemeka na kiuno kikabonyea. Zile 40 alizokuwa akipiga zilikuwa nusu ya safari, kichwa kinashuka na kifua kinabaki juu. Aliumia moyoni, nikamwambia hizo 9 ndizo za kwanza kumfanyia kazi.

Jaribu hivyo wewe mwenyewe, na kitabu kinene kikae mahali pa ngumi yangu. Viganja viwe pana kidogo kuliko mabega. Viwiko visichanuke pembeni kama mbawa, virudi nyuma kidogo kuelekea mbavu. Kaza makalio, mwili uwe mstari mmoja kutoka kisogoni hadi visiginoni. Katika pushapu ya kawaida mikono hubeba karibu theluthi mbili ya uzito wa mwili, kwako zaidi ya kilo 50, na hicho si kidogo. Ukiweka magoti chini hubeba karibu nusu. Ukipandisha miguu kwenye kiti hupanda hadi karibu robo tatu. Ukifika marudio 20 safi, vaa begi la mgongoni lenye chupa za maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tayari una vyuma unavyoweza kuvihesabu: wiki hii chupa mbili, wiki zijazo tatu.

Wanaofanyia mazoezi nyumbani karibu wote wanasahau mgongo, kwa sababu sakafuni hakuna cha kuvuta. Matokeo yake kifua kinakaza, mabega yanainama mbele, na kitambi kinaonekana kikubwa kuliko kilivyo. Chukua shuka imara, ifunge fundo kubwa katikati, pitisha fundo juu ya mlango na ufunge mlango, fundo likiwa upande wa pili. Simama upande ambao ukivuta, mlango unazidi kujifunga, na hakikisha kitasa kimeshika. Vuta shuka mara kadhaa kwa nguvu ukiwa umesimama wima kabla hujaikabidhi uzito wako. Kisha shika ncha zote mbili, sogeza miguu karibu na mlango, jilaze nyuma mwili ukiwa umenyooka, na ujivute mpaka mikono ifike ubavuni. Juu kabisa bana mabapa ya mabega kama unataka kushika kalamu katikati yake, hesabu moja, rudi polepole. Kadiri miguu inavyosogea mbele ndivyo kazi inavyokuwa nzito. Kama una meza nzito isiyopinduka, unaweza kulala chini yake ukashika ukingo na kuvuta kifua kuelekea mezani.

Miguu usiiache kwa sababu inafichwa na suruali. Ndiyo misuli mikubwa kuliko yote, na ndiyo inayokula nishati nyingi unapoifanyisha kazi. Skwati za kawaida, yaani kuchuchumaa na kusimama, zitakuwa nyepesi kwako baada ya wiki chache, kwa hiyo nenda kwenye mguu mmoja: simama umegeuzia kiti mgongo, weka mguu mmoja juu yake kwa nyuma, ushuke kwa mguu wa mbele mpaka paja likaribie kulala sambamba na sakafu. Marudio 10 kila mguu na begi mgongoni yatakufundisha heshima. Kwa nyuma ya mapaja na makalio, shika begi kwa mikono miwili, kunja magoti kidogo tu, sukuma makalio nyuma kana kwamba unafunga mlango kwa makalio, begi lishuke likipita karibu na mapaja hadi chini ya magoti, kisha simama. Mgongo usipinde.

Tumbo nalo ni msuli, lipe haki yake: sitapu 12 za polepole kwa seti, au kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka kwa sekunde 30 hadi 45. Seti mbili au tatu mwisho wa mazoezi zinatosha.

Fanya haya siku tatu kwa wiki, siku moja ya mapumziko katikati, kila zoezi seti tatu, upumzike kama dakika mbili kati ya seti. Dakika 45 umemaliza. Nunua daftari. Andika idadi ya marudio na chupa ulizobeba, na kila mara uingie chumbani ukiijua namba ya kuipita, hata kwa rudio moja. Miezi miwili ya sitapu 200 ilikuwa miezi miwili ya kazi ileile, na mwili hauna sababu ya kubadilika kwa kazi uliyoizoea. Siku zilizobaki tembea kwa haraka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa namna hiyo, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku mbili.

Tumefika kwenye chakula, na hapa ndipo kitambi kitakapoamuliwa. Kilo moja ya mafuta mwilini imebeba takriban kalori 7,700. Ukipunguza kalori 500 kwa siku, itakuchukua kama siku 15 kuimaliza kilo moja. Kwa uzito wako lenga kupungua nusu kilo hivi kwa wiki. Ukijinyima zaidi ya hapo mwili unaanza kula misuli unayohangaika kuijenga. Kabla hujapunguza chakula sahanini, angalia vile vinavyopita bila kuhesabiwa. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, na wengi humimina bila kupima. Soda ya nusu lita ina zaidi ya kalori 200 na haishibishi. Kwa watu wengi niliowafundisha, mabadiliko hayo mawili yalitosha kuanzia, bila kulala na njaa.

Protini usiipunguze, iongeze. Kiwango kinachosaidia misuli kukua ni takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Kwa kuwa sehemu ya kilo zako ni mafuta, gramu 115 hadi 130 kwa siku zinakutosha. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, na gramu 100 za nyama au samaki aliyepikwa, bila mifupa, karibu 25. Igawe kwenye milo mitatu. Poda za protini ni chakula tu kilichokaushwa, kama unafikisha kiasi kwa chakula cha kawaida huzihitaji. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate kiwango hiki bila daktari wake.

Usingizi nautaja kwa msisitizo, maana umesema tatizo lako ni muda, na naogopa utauiba huko. Katika jaribio la mwaka 2010 watu wazima 10 walipunguziwa chakula kwa siku 14, mara moja wakipewa saa 8.5 kitandani, mara nyingine saa 5.5. Uzito walipoteza karibu uleule. Lakini walipolala kidogo, mafuta waliyopoteza yalipungua kwa asilimia 55 na upotevu wa misuli na tishu nyingine zisizo mafuta ukaongezeka kwa asilimia 60. Ukilazimika kuchagua kati ya kuamka saa kumi alfajiri kufanya mazoezi na kulala, lala, ufanye mazoezi jioni.

Mizani itakudanganya, maana misuli inaingia huku mafuta yanatoka. Tumia futi ya fundi cherehani: ipitishe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi, usivute tumbo ndani, andika. Pima mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula. Kwa wanaume, kuanzia sentimita 94 hatari ya magonjwa ya moyo na kisukari huwa imeanza kupanda, na kuanzia 102 imepanda sana. Wewe uko 97. Kipimo kingine kizuri ni kiuno kisichofika nusu ya urefu, kwako chini ya sentimita 85.5. Mafuta ya ndani, yale yanayozunguka ini na utumbo, huwa mepesi kuitikia kuliko yale ya chini ya kitovu unayoyashika kwa mkono, kwa hiyo afya yako itaanza kutengenea kabla kioo hakijakuonyesha lolote. Hayo ya chini ya kitovu kwa wanaume wengi ndiyo ya mwisho kuondoka, usiyatumie kujipima wiki ya nne.

Kama una shinikizo la damu, au ukifanya kazi nzito kifua kinabana au unapata kizunguzungu, muone daktari kwanza. Na unapopanda na uzito usizuie pumzi, itoe.

Jumamosi asubuhi pima kiuno. Kisha weka kitabu sakafuni na uhesabu pushapu zinazokigusa. Andika namba hizo mbili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na baada ya wiki 8 niandikie nyingine mbili.