Usiiache Starehe Yako Yote Mtandaoni

Naishi Busia, upande wa Uganda, na kwenye mnyororo wa funguo zangu zinaning'inia flashi mbili. Vijana wa kazini hunicheka: mzee, siku hizi kila kitu kiko mtandaoni. Ni kweli, kiko. Mimi huwauliza jambo moja tu: bando likikata katikati ya filamu, utaimalizia wapi?

Basi ushauri wangu ndio huo. Kitu unachokipenda kwa dhati, uwe ni wimbo, filamu au picha ya mwanao, kiwe na nakala unayoweza kuishika mkononi. Siuchukii mtandao, maana sehemu ya ugali wangu inatoka huko. Lakini tumeishi nao hapa nchini muda wa kutosha kuzijua tabia zake. Julai 2018 tulianza kulipa shilingi 200 kwa siku ili kufungua WhatsApp, Facebook na Twitter, na nusu ya mtaa ikajifunza VPN, programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao, kwa wiki moja. Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaja ya asilimia 12 juu ya bando lenyewe, kwa hiyo hata bibi anayefungua ujumbe wa wajukuu zake tu naye anachangia. Kati ya kodi hizo mbili tukapitia uchaguzi wa Januari 2021, intaneti ikazimwa nchi nzima tarehe 13 usiku, ikarudi tarehe 18. Mitandao ya kijamii ilisubiri hadi Februari, na Facebook haikurudi na wenzake.

Sisi wa mpakani tulikuwa na mlango wa nyuma: laini ya Kenya. Ukisogea karibu na mpaka, simu inanasa mnara wa ng'ambo, na siku zile ungeona watu wazima wamesimama kando ya barabara wameinua simu juu, wanatafuta vistari viwili vya mtandao. Mlango huo una gharama yake siku za kawaida, kwa sababu simu nayo hujivukia mpaka bila ruhusa. Umekaa sebuleni kwako Uganda, laini yako inajiunga na mtandao wa Kenya, na salio linayeyuka. Kama unaishi mji wa mpakani kama Busia, Malaba au Mutukula, ingia kwenye mipangilio ya simu, uzime data ya romingi, na mtandao uuchague mwenyewe badala ya kuiachia simu ichague. Hilo peke yake litakuokolea pesa nyingi kuliko ujanja wowote wa VPN.

Sasa tuje kwenye filamu, maana hapo ndipo utamu ulipo. Asiyewahi kuingia kibanda cha video cha kwetu amekosa kitu. Madirisha yamezibwa kwa pazia jeusi, mabenchi hayana mgongo, nje kuna ubao ulioandikwa kwa chaki filamu za leo na mechi ya saa kumi na moja. Filamu ni ya Hong Kong au ya Marekani, lakini unayemsikia ni VJ. Anapunguza sauti ya waigizaji, anaeleza kwa Kiganda nani kamsaliti nani, anampa jambazi jina la mtaa wa Kampala, anamkemea shujaa kwa kuchelewa kupiga risasi. VJ Jingo na VJ Junior wana wafuasi ambao hawaigusi filamu yenye sauti ya mwingine. Na kwa kuwa sisi tuko mpakani, upande wa pili tunampata DJ Afro wa Kenya, anayefanya kazi hiyohiyo kwa Kiswahili. Kwa filamu za Kihindi mimi ni mtu wa DJ Afro, wala sibishani na mtu. Kwa vita na magari, nipeni VJ.

Ukitaka za kupeleka nyumbani, unakwenda laibrari. Usidhani ni ya vitabu. Ni kioski chenye kompyuta iliyovuliwa kifuniko ili ipate hewa, na kijana anayejua kila folda kwa kichwa. Hakuulizi kwanza unataka filamu gani. Anauliza, "Ya VJ yupi?" Unampa flashi, anachomeka, mstari wa kunakili unatambaa, unalipa, unaondoka. (Sheria ya hakimiliki ya 2006 ina neno lake juu ya biashara hii, nami si wakili. Ila filamu au albamu ya msanii wetu ninayemjua, humtumia pesa yake kwa simu nikaipata kwake.)

Kinachowaumiza watu hapo ni flashi yenyewe. Mtaani utauziwa ya GB 128 kwa bei ya chipsi na kuku, na ukiichomeka kompyuta inakubali kwamba ni GB 128 kweli. Ndani mna chipu ya GB 8 iliyorekebishwa idanganye ukubwa wake. Unanakili filamu kumi, zote zinaonekana, majina yapo, ukubwa upo. Ukifika ya tatu, skrini nyeusi. Kwa hiyo kabla ya kuiamini, ijaze yote, halafu ucheze faili la kwanza, la katikati na la mwisho. Mwenye Windows anaweza kutumia programu ya bure iitwayo H2testw, ambayo huandika na kusoma flashi nzima na kukuambia ukweli. Mwombe muuzaji mkubaliane kurudisha kabla hujalipa. Akianza kukasirika, umeshapata jibu.

Kuna na lile la televisheni kukataa faili. Mara nyingi flashi iko kwenye mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4. Ukiibadilisha iwe exFAT, makubwa yanaingia, lakini televisheni za zamani nyingi hazitaisoma. Mwenye televisheni ya zamani abaki na FAT32 na achukue filamu zenye ubora wa kawaida. Na ukirudi kutoka laibrari ukute mafolda yote yamegeuka vialama vidogo vya njia ya mkato, usibonyeze hata kimoja, wala usimlipe mtu anayesema atafufua mafaili yako. Mara nyingi hayajafa. Virusi vimeyaficha tu. Nenda kwenye kompyuta yenye kinga nzuri, isafishe flashi, washa sehemu ya kuonyesha mafaili yaliyofichwa, utayakuta yamekaa.

Wanaopakua wenyewe mtandaoni, hesabu ni rahisi. Video ya ubora wa kawaida hula hadi GB 1 kwa saa, ya ubora wa juu hadi GB 3, na kwenye kioo cha simu jicho langu halioni tofauti ya kulipia. Sauti ni nafuu mno: saa nzima ya mazungumzo au muziki wa kawaida haifiki MB 60. Ndiyo maana safarini kwenda Kampala nasikiliza zaidi kuliko kutazama. Redio ya FM kwenye simu haili hata senti, mradi uchomeke waya wa spika za masikio, kwa sababu waya huo ndio antena.

Nimegundua pia kwamba flashi yenye filamu chache inanistarehesha zaidi. Mtandaoni jioni nzima inaishia kwenye kuchagua: hii hapana, hii nimeiona, hii nitaitazama kesho. Kwenye flashi kuna filamu sita, mama watoto anataja moja, tunaanza. Umeme ukikatika, kompyuta ndogo inaendelea kwa betri, watoto wa jirani wanaingia mmoja mmoja, na binti yangu anajifanya VJ kwa Kisamia. Anaharibu hadithi yote. Hakuna anayelalamika.

Lakini filamu zinapatikana tena. Picha na sauti za watu wako ndizo hazipatikani. Simu ikiporwa kwenye bodaboda au ikidondoka chooni, kinachouma si bei yake. Wengi wetu tuna sauti za wazee waliotangulia, zimelala ndani ya WhatsApp na kwingine hazipo. Kwenye Android, fungua programu ya mafaili, ingia Android, kisha media, kisha com.whatsapp, kisha WhatsApp, utaona Media, na humo WhatsApp Voice Notes. Mafaili yanaishia na .opus. Yanakili yote, pamoja na folda ya kamera, kwenye flashi mbili ulizozipima. Moja ibaki nyumbani, ya pili ikae kwa dada au shemeji mji mwingine, maana moto na wezi hawachagui. Majina ya mafaili hayo ya sauti yameandikwa kwa tarehe, kwa hiyo tafuta siku ambayo mhusika alikutumia, usikilize, kisha ulipatie faili jina la mtu huyo.

Flashi ikikaa miaka mingi bila kuchomekwa huweza kusahau ilichobeba. Kila Krismasi familia ikikusanyika, zichomeke zote mbili, fungua mafaili kadhaa, na ikianza kusuasua hamishia kila kitu kwenye mpya siku hiyohiyo.