Mtoto anatema mnavu, si ukaidi

Dada yangu, unasema mwanao wa miaka 4 anatema mnavu ambao baba yake anaufakamia, na umeshaanza kumchapa. Weka fimbo chini. Mnavu ni mboga chungu, na ulimi una vipokezi (vihisio vya ladha) vya uchungu aina 25 hivi, lakini cha utamu ni aina moja tu. Sumu nyingi za mimea ni chungu, ndiyo maana mlango wa uchungu una walinzi wengi. Tena vipokezi hivyo tunavirithi kwa tofauti: kinachomkera mtoto, baba huenda hakisikii kabisa. Chemsha, mwaga maji ya kwanza, tia chumvi kidogo (hupunguza uchungu, jaribu hata kwenye balungi), kisha tui. Mpe vijiko viwili tu. Kesho tena.