Kabla hujawauzia watu wa mkaa mwembe wa babu

Miembe mitatu ya dodo aliyoipanda babu huko Mkuranga ilikuwa imebaki kuwa kivuli tu. Mirefu kupita nyumba, inachanua vizuri mwezi wa nane, kisha maua yanageuka meusi na kupukutika. Embe chache zilizosalia zilikuwa juu kabisa, chakula cha popo. Watu wa mkaa walishaanza kuniulizia bei.

Kosa langu la kwanza ni kukimbilia mbolea. Nilimwaga madebe sita ya samadi shinani, nikajiona nimemaliza kazi. Nilichovuna ni mchwa. Mizizi inayokula haiko pale. Iko mbali, chini ya ncha za matawi. Isitoshe, miembe yangu haikuwa na njaa kiasi hicho. Simama chini ya mti wako saa sita mchana. Kama huoni hata doa la jua ardhini, basi humo ndani hakukauki, na ubwiriunga na chule, magonjwa ya ukungu, ndiyo yanayomaliza maua yako. Anza na msumeno.

Mimi hupogoa mwishoni mwa Februari, embe zimeisha na masika haijaingia. Natoa makavu na yanayosuguana, kisha tawi moja au mawili makubwa ya katikati ili jua lishuke. Basi. Mkono utakuwasha uendelee, lakini usivuke theluthi ya mti, nyingine mwakani. Ukiunyoa wote kwa mkupuo, jua linababua gome lililozoea kivuli. Matawi yanayobaki wazi nayapaka chokaa.

Tawi kubwa lina adabu yake. La kwanza nililikata kutokea juu, moja kwa moja. Lilipoanguka likachuna gome la shina karibu urefu wa mtu, na kovu lile lipo hadi leo. Sasa naanza kwa chini, hatua moja kutoka shinani, msumeno uingie theluthi ya unene. Kisha nakata kwa juu, mbele kidogo ya hapo, tawi lianguke bila kuchuna. Kisiki kilichobaki nakiondoa mwisho, nje ya ule uvimbe kama pete unaounga tawi na shina, maana ndiko mti unakofungia kidonda. Vaa mikono mirefu, utomvu wa mwembe unababua. Maji moto, wale sisimizi wekundu wa mtini, nao watakung'ata. Vumilia, usiwapulizie dawa: wanafukuza nzi wa matunda.

Mvua ikianza, sasa ndiyo samadi, tena iliyoiva: mtaro mfupi kuzunguka mti chini ya ncha za matawi, unafukia, unatandaza majani makavu. Urea achana nayo, utapata majani tele bila maua.

Kwenye vidonda vitachipua vijiti kama ufagio. Bakiza viwili vitatu vinavyotazama nje, au ubebeshe, yaani uunganishe kijiti cha aina nyingine, ukitaka.

Mwaka wa kwanza upande uliokatwa haukunipa kitu. "Umeua mti wa mzee, mwanangu," jirani alinambia, na sikuwa na jibu. Mwaka wa tatu tulichuma kwa ngazi fupi, na ndoo yake ilikuwa ya kwanza kujazwa.

Hiyo ni miembe miwili. Wa tatu ulikuwa na tundu shinani, ukiugonga unalia kama ngoma. Huo niliwapa watu wa mkaa.