Kupokea kazi za programu za wanafunzi bila flashi wala grupu la WhatsApp

Mkuu mleta uzi, umeuliza njia salama ya kupokea kazi za programu kutoka kwa darasa kubwa. Nafundisha Python na C hapa Dar, na kwangu usalama ni pamoja na mwanafunzi kubaki na ushahidi kwamba alituma, na kwa wakati.

Barua pepe iache. Gmail inakataa faili za .exe na .js hata zikiwa ndani ya zipu.

Chuo kikiwa na Moodle, mfumo wa masomo mtandaoni, itumie: seva yenyewe inaandika saa ya kupokea, na mwanafunzi anaiona.

Mimi napenda zaidi Git, programu inayotunza kila hatua ya mabadiliko ya faili, kila mwanafunzi na repo (hifadhi ya kazi) yake ya faragha, maana naiona kazi ikikua. Iliyotua nzima kwa mkupuo mmoja, namwita mwenyewe anieleze mistari yake. Ila usiamini tarehe zilizomo ndani ya Git. Zinatoka kwenye kompyuta ya mwanafunzi na anaweza kuzibadilisha. Muda ukiisha, vuta nakala za repo zote papo hapo, hizo ndizo za kusahihisha.

Hatari kubwa ninayoiona ni kompyuta za steshenari pale Ubungo na Changanyikoni. Tangu Agosti 2021 GitHub, tovuti ya kuweka repo hizo, haipokei nywila ya akaunti kwenye Git, inataka tokeni (msimbo maalumu wa siri) au ufunguo wa SSH (faili ya siri ya kujitambulisha). Sasa Git ya Windows huihifadhi tokeni kwenye mashine, kwa hiyo kufunga kivinjari hakutoshi. Anayekaa hapo baada ya mwanafunzi wako anaweza kuingia kwenye kazi ya huyo mwanafunzi. Wafundishe kuifuta kwenye Credential Manager, sehemu ya Windows inayotunza nywila, au wapakie faili kupitia tovuti kisha watoke kwenye akaunti.

Na umeme ukikatika, au bando likiisha? Hapa naomba walimu wenzangu tusiwe wakali bure. Mwanafunzi afunge zipu, kisha kwenye Windows aandike:

certutil -hashfile kazi.zip SHA256

Atapata herufi na tarakimu 64 zinazokokotolewa kutoka kwenye zipu hiyo, zinaenea kwenye SMS moja. Akutumie kabla ya muda kwisha, zipu ailete hata kesho kwa flashi. Wewe piga hesabu ileile: akiwa amegusa hata nukta moja, herufi na tarakimu hizo hazitalingana.

Flashi hiyo ipime virusi kwanza. Programu zao nazo usiziendeshe kwenye kompyuta yenye mitihani yako. Ziendeshe ndani ya Docker, programu inayozitenga na kompyuta yako, mtandao ukiwa umezimwa kwa --network none.