Eksteno Ikianza Kulia Tik Tik, Ichomoe

Juzi usiku dada mmoja wa Mbagala kanitumia meseji kuhusu eksteno yake, ile diski ya nje ya kuhifadhia kazi: "Kaka eksteno yangu inalia tik tik halafu haifunguki, nimeshaichomeka kama mara ishirini, nifanyeje?" Hiyo mara ishirini ndo imeninyima usingizi, maana na mimi nilifanya hivyohivyo.

Wanaonifuata siku nyingi wanajua napiga video za harusi na sendofu, nilianza na kamera ya kuazima leo nina vijana wawili nawalipa mwenyewe, sijisifu ila ndo ukweli. Sasa mwaka juzi nimetoka kushuti sendofu Sinza, nafika geto Tabata saa tisa usiku, namwaga kazi yote kwenye eksteno ya tera 2 halafu nafuta memori kadi kwa sababu kesho yake nina harusi Kigamboni. Asubuhi mguu ukanasa kwenye waya, eksteno ikadondoka toka kwenye stuli ikiwa inawaka. Stuli tu jamani! Nikaiweka sikioni kama mtu anayechagua nazi sokoni. Tik, tik, tik, kimya.

Mle ndani kuna sahani zinazunguka, nyingi za hizi ndogo ni mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachosoma kinaelea juu yake bila kugusa. Kikishaumia, kila ukichomeka unakiruhusu kikwangue sahani, na kazi yako imeandikwa palepale kwenye sahani. Sikujua. Nikabadilisha waya, nikahamia laptopu ya jirani, ikaniuliza nifomati? nikakataa, angalau hapo nilikuwa na akili. Jamaa mmoja akasema weka friza. Nikaweka, katikati ya vibua.

Kariakoo fundi akaifungua kwa bisibisi mezani, barabarani vumbi hilo, akapuliza kwa mdomo. Elfu sitini. Kitu kinachotakiwa kufunguliwa kwenye chumba kisicho na vumbi kabisa yeye anapuliza kama uji wa mtoto, na mi nimesimama naangalia.

Kinachoniuma mpaka leo ni ile kadi. Ukifuta kadi vitu vinakuwa bado vipo mpaka uandike vingine juu yake, programu kama PhotoRec ni ya bure na ingeweza kuvirudisha. Mi nikaenda nikaijaza harusi ya Kigamboni.

Hela nilirudisha yote. Mama wa bibi harusi hata hakunigombeza, alisema tu, "Mwanangu, siku ile baba yake alicheza. Yule mzee hachezagi."

Kwa hiyo ikilia, chomoa, usijaribu tena. Hizo programu za kurudisha faili ni za diski isiyoumia ambayo faili zake zimefutwa, hazitibu kichwa kilichovunjika. Usifungue na usikubali mtu akufungulie mezani. Na kazi ya mtu iwe na nakala tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, moja ikae nje ya nyumba yako. Kadi usifute mpaka mteja apokee mzigo. Vijana mnanunua lenzi ya milioni mnapostia, eksteno ya pili mnasema gharama, gharama gani? Nakala, nakala, nakala!

Mwezi uliopita yule mama kanitumia kipande WhatsApp, kimetoka kwenye simu ya shangazi mmoja. Sekunde arobaini, simu inatikisika, mzee anaonekana mgongo na mkono mmoja uko juu na leso.