Filamu ya Watoto? Anza na Mtu wa Kukaa na Watoto

Vijana wanaonijia na wazo la filamu fupi ya watoto huanza na kamera. Tukodi ipi, lenzi gani, taa ngapi. Mimi huwauliza: nani atakaa na watoto? Wengi hawajafikiria. Nimetayarisha filamu za aina hii hapa Nairobi kwa pesa za kuungaunga, na ushauri wangu ni mmoja: kabla hujamlipa mpiga picha, tafuta mtu ambaye kazi yake ni watoto peke yake, kisha umpe uwezo wa kusimamisha kazi.

Nasema kusimamisha kweli. Kwenye filamu yetu ya mwisho tulimchukua mwalimu wa chekechea kutoka mtaa wa Jericho, mama ambaye hakuwa amewahi kukanyaga seti. Siku moja karibu na adhuhuri mwongozaji alitaka msichana wa miaka 9 arudie tena tukio la kulia. Mwalimu alikuwa amekalia jerikani nyuma ya kamera. Akainuka, akamshika mtoto mkono, akasema, "Huyu sasa haigizi. Analia kweli." Akampeleka kivulini, akampa uji, akamwacha acheze bano, yaani gololi, na wenzake. Mwongozaji alikasirika, lakini hakubishana, maana tulikuwa tumekubaliana hivyo kwa maandishi kabla ya siku ya kwanza. Baada ya chakula mtoto alirudi mwenyewe akiuliza kama zamu yake imefika. Tukio lililoingia kwenye filamu ni lile alilocheza alasiri hiyo.

Mtu huyu asiwe mzazi wa mmoja wa waigizaji. Wazazi tunawataka, watie sahihi karatasi ya ridhaa na wakaribie seti wakati wowote, lakini mzazi macho yake yako kwa mtoto wake. Tena wengine husukuma mtoto aliyechoka kwa kutaka aonekane. Mwalimu wa chekechea au wa Sunday school, aliyezoea watoto ishirini kwa mpigo, anakufaa zaidi.

Wa pili kumtafuta ni fundi sauti. Mtu mzima akirekodiwa vibaya utamwita studio arudie maneno yake yaoane na midomo. Jaribu hilo na mtoto wa miaka 6! Na mvulana wa miaka 12 au 13 anaweza kufika studio sauti yake imeshavunjika. Kwa hiyo sauti ya watoto ipatikane palepale, na Nairobi si mji wa kunyamaza. Ukirekodi South C, ndege za uwanja wa Wilson zinakupitia kichwani. Mitaa ya Eastlands ina wanunuzi wa vyuma kuukuu wenye vipaza sauti, na nyumba ya mabati mvua ikinyesha huwezi kusikia hata mtu aliye kando yako. Mpeleke fundi sauti akaketi mahali hapo saa ileile mtakayorekodi, asikilize tu. Akikataa mahali, patafutwe pengine, hata kama mpiga picha amepapenda.

Kwa sababu hiyo mimi hupenda likizo ya Agosti. Aprili shule zimefungwa pia, lakini ni katikati ya mvua ndefu. Agosti ni baridi, basi watoto wawe na sweta kati ya tukio na tukio, lakini mawingu hulainisha mwanga na nyuso zao zinaonekana vizuri. Panga kumaliza mapema, kwani huku kwetu kabla ya saa moja jioni jua limezama, na giza halikawii.

Mwandishi naye asome mswada mbele ya watoto wa mtaa, siyo mbele ya marafiki zake. Wetu aliwasomea watoto wa Buruburu tukio la kati, ule mchezo wa kumrushia mpira aliye katikati naye aukwepe, na mpira wa juala, yaani wa mifuko ya plastiki, kama wa utoto wake. Wakamtazama tu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, na hawa walikuwa wadogo mno kuikumbuka. Wakamletea mpira wao wa soksi kuukuu, ndio ulioingia kwenye filamu.

Leseni ya kurekodi ishughulikiwe mapema, na filamu ipelekwe kwa bodi ya uainishaji, inayoamua inafaa watazamaji wa umri gani, kabla ya kuonyeshwa hadharani. Kama timu ni marafiki, andikeni sasa nani anamiliki nini. Filamu ikipata mnunuzi, urafiki peke yake hautagawa pesa.

Na huyo mwalimu mlipe kiwango sawa na mafundi wengine, usimpe nauli na soda. Jina lake liandikwe pamoja na la mwongozaji na la mpiga picha, lisifichwe kwenye shukrani, ili timu nyingine ikimtafuta awe na kazi ya kuonyesha.